Step 1, Step 2 CK na rotesheni: jibu kwa mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne hapa Dar es Salaam. Ndoto yangu ni kwenda Marekani kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, kwa hiyo lazima nifanye mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari ya Marekani. Nimeanza kusoma Step 1 mara tatu na mara zote nimeishia njiani. Wodi inanimaliza, nikirudi hosteli sina nguvu hata ya kufungua kitabu. Wenzangu wengine wananiambia nisubiri nimalize utarajali ndipo nitulie nisome. Wengine wanasema nikisubiri nitakuwa nimeshasahau biokemia yote. Mwaka wa tano una rotesheni ndefu, yaani vipindi vya mafunzo katika idara za hospitali, na mtihani wa mwisho. Nipange vipi? Na je, ni vibaya nikikwepa zamu chache ili nipate muda?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Step 1 ifanye kwenye likizo ndefu kabla mwaka wa tano haujaanza. Step 2 CK ifanye kwenye lile pengo la kati ya mtihani wa mwisho wa chuo na siku ya kuripoti utarajali. Kabla na baada ya Step 1 usijibebeshe masomo mawili, la chuo na la Marekani. Soma wagonjwa wako, ila uwasome kwa namna ambayo mtihani utakuja kuwauliza. Zamu usikwepe. Hilo la zamu nitalirudia, maana liliwahi kuniuma mimi mwenyewe.

Umesema umeanza mara tatu ukaacha. Mvivu haanzi mara tatu. Ninachokiona ni kwamba ulijitengenezea ratiba ya mtu asiye na wodi: saa mbili kila usiku, sura moja kila siku, mwezi huu biokemia, mwezi ujao fiziolojia. Ratiba hiyo inamfaa mwanafunzi wa mwaka wa pili anayejua kipindi cha mwisho kinaisha saa kumi. Wodi haina saa kumi. Mama akiletwa saa tisa alasiri damu inamtoka, hutoki, na hupaswi kutoka. Siku tatu zikipita hujafungua kitabu, ratiba imeshakuacha sura tatu nyuma. Na mtu akishaachwa nyuma na ratiba yake, anaanza kuikwepa hata kuitazama. Hivyo ndivyo ulivyoacha mara ya kwanza, na nadhani ndivyo ulivyoacha hata hizo mara nyingine mbili.

Mitihani hii miwili haifanani, na mpango wote unaanzia hapo. Step 1 inapima misingi. Patholojia inagusa karibu nusu ya maswali, fiziolojia inaifuata, kisha dawa, vijidudu na biokemia. Ni mtihani wa siku moja, saa nane, maswali yasiyozidi 280. Tangu tarehe 26 Januari 2022 hautoi tena alama. Unaambiwa tu umefaulu au umeshindwa. Step 2 CK inapima kazi ya wodini: mgonjwa huyu ana nini, utampima nini, utamfanyia nini kwanza. Ni saa tisa, maswali yasiyozidi 318, na bado inatoa alama ya tarakimu tatu ambayo kila programu ya mafunzo ya ubingwa ya Marekani itaisoma kabla ya kulisoma jina lako. Zaidi ya nusu ya maswali yake yanagusa magonjwa ya ndani.

Badiliko hilo la 2022 wengi bado hawajalipokea vichwani. Zamani mtu alikuwa na sababu ya kujifungia mwaka mzima na Step 1, kwa kuwa kila alama iliyoongezeka ilimfungulia mlango. Leo ukishaweza kufaulu bila wasiwasi, kila wiki unayoongeza ni wiki uliyoinyima Step 2 CK. Na Step 2 CK ndiyo inayolishwa na wodi. Kwa hiyo mtu kama wewe, ambaye siku yake yote inaliwa na wodi, ana nafasi nzuri leo kuliko tuliomtangulia, ilimradi asiichukulie wodi kama adui wa mtihani.

Sasa shauri la wale wanaosema usubiri mpaka umalize utarajali. Naliheshimu, kwa sababu linatoka kwa watu waliochoka na wanaokuonea huruma. Lakini silikubali. Utarajali ni miezi 12 ya kazi nzito kuliko mwaka wa tano, na mwaka wa tano angalau una likizo. Biokemia uliyoisoma mwaka wa kwanza itakuwa imekaa miaka sita bila kuguswa. Halafu kuna jambo ambalo vijana wengi hulijua wakiwa wameshachelewa: vyuo vingi vya Marekani vinavyopokea wageni kwa rotesheni za kushika mgonjwa kwa mkono vinampokea aliye bado mwanafunzi, tena wa mwaka wa mwisho. Ukishahitimu, unachopata mara nyingi ni kusimama pembeni na kutazama. Baadhi ya vyuo hivyo vinataka uwe umeshafaulu Step 1 kabla hujaomba. Yaani Step 1 iliyofanywa kabla ya mwaka wa tano inakufungulia mlango ambao Step 1 ya baada ya utarajali haiwezi kuufungua. Isitoshe, programu nyingi huhesabu miaka tangu uhitimu, na saa hiyo inaanza kugonga siku ya mahafali.

Na kwa nini nisikuambie uifanye katikati ya mwaka wa tano? Kwa sababu huo ndio mwaka unaokutengeneza kuwa daktari, na mtihani wake wa mwisho ndio unaokupa shahada. Bila shahada hakuna cheti cha ECFMG, shirika linalowathibitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani, na bila cheti hicho hakuna ukazi wowote, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, huko Marekani hata uwe na alama za ajabu. Nimewaona wanafunzi waliopata sapu kwenye upasuaji kwa sababu ya Step 1. Sapu hiyo iliwasogezea mahafali, mahafali yakasogeza utarajali, na mwaka mzima ukapotea kwa ajili ya mtihani ambao ungeweza kukaa mahali pake.

Basi tuangalie mwaka wa nne, ambao uko ndani yake sasa. Kwa vyuo vyetu vingi huu ndio mwaka wa rotesheni fupi: macho, masikio na pua na koo, afya ya akili, ganzi, mifupa, afya ya jamii. Wanafunzi huziita rotesheni za kupumzika. Ukiziangalia vizuri, kila moja imebeba kipande cha Step 1. Kwenye macho kuna njia ya kuona kutoka kwenye retina hadi nyuma ya ubongo. Muulize mgonjwa wa kiharusi anaona upande gani, na wewe mwenyewe sema mshipa gani umeziba. Matone ya glakoma yatakufundisha vipokezi vya alfa, beta na muskarini vizuri kuliko jedwali lolote. Kwenye afya ya akili utawaona watu waliokakamaa shingo baada ya haloperidoli, na njia za dopamini hutazisahau tena. Chumba cha ganzi ni darasa zima la fiziolojia ya mapafu na dawa za mishipa ya fahamu. Omba usimame karibu na mashine, uliza kila bomba la sindano lina nini na kwa nini.

Kwenye rotesheni hizi jipe maswali 15 kwa siku kutoka benki ya maswali, yaani mkusanyiko wa maswali ya mazoezi unaolipiwa, siku tano kwa wiki. Usihesabu saa. Maswali 15 unaweza kuyafanya matano asubuhi kabla ya raundi, matano kwenye daladala kama umepata siti, matano baada ya chakula cha jioni. Kwa wiki 36 hayo ni maswali 2,700, na utakuwa umeyafanya bila kukesha hata usiku mmoja. Rotesheni ikiwa nzito, shuka hadi 10. Siku ya zamu ya usiku na siku inayoifuata ni sifuri, na sifuri hiyo ni sehemu ya mpango, wala si deni la kulipa kesho. Lala. Kichwa ambacho hakijalala hakihifadhi kitu.

Utaniuliza kwa nini maswali na si kusoma madesa kwanza. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi makala fupi za kusoma. Kundi moja lilisoma likarudia kusoma; jingine lilisoma, kisha likajipima kwa kuandika linachokumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kurudia kusoma kunakupa raha ya kuhisi unajua, na raha hiyo inakwisha haraka. Kwa mtu aliyechoka na wodi swali lina faida nyingine tena, halikuruhusu usinzie. Jibu, soma maelezo, hata ya majibu uliyokosea kuyachagua, kisha ufunge.

Hapa ndipo penyewe hasa. Chukua mtoto wa miaka saba mwenye selimundu aliyelazwa kwa homa na maumivu ya mifupa. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, kwa hiyo huna haja ya kumtafuta; yupo. Kazi ya wodi ni kumpa maji, dawa ya maumivu, antibayotiki, kutuma damu maabara. Ukishamaliza kazi hiyo, kaa naye kichwani kwa dakika 15. Kasoro iko wapi? Nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, asidi ya glutamiki imeondoka na valini imeingia. Kwa nini seli zinapinda zaidi akikosa maji au oksijeni? Kwa nini wengu lake limesinyaa, na kwenye slaidi ya damu utaona nini? Vidoa vya Howell-Jolly. Wengu likiwa halifanyi kazi, ni bakteria gani watamshambulia? Wale wenye koti, akiwemo nimokoka, na ndiyo sababu alipewa penisilini tangu utotoni. Mfupa ukioza, kijidudu kipi ukifikirie ambacho kwa mtoto mwingine usingekianza nacho? Salmonela. Damu ikishuka ghafla na uboho ukaacha kutengeneza seli mpya? Kirusi cha parvo B19. Hidroksiurea inafanyaje kazi? Inapandisha himoglobini F, na inazuia kimeng'enya cha kutengenezea malighafi ya DNA, ndiyo maana unamfuatilia hesabu ya seli zake nyeupe. Wazazi wake wakitaka mtoto mwingine, uwezekano ni upi? Mmoja kwa nne, ikiwa wote wawili ni wabebaji.

Hapo umegusa biokemia, jenetiki, patholojia, vijidudu, dawa na kinga, na kitabu hujafungua. Usiku fanya maswali matano ya selimundu tu. Yatashika, kwa sababu yana sura ya mtu. Mimi nina miaka mingi nje ya Tanzania na bado nikisoma neno wengu namwona mtoto mmoja wa kitanda cha dirishani aliyekuwa akiniomba nimpe kalamu yangu achore. Tafuta daftari dogo la mfukoni. Kila siku andika mgonjwa mmoja, bila jina wala namba ya faili, na maswali matatu ambayo mtihani ungeweza kukuuliza juu yake. Mgonjwa mmoja tu. Ukiandika wanne utaacha baada ya wiki.

Likizo ikianza, ndipo unajifungia. Wiki sita hadi nane zinatosha kwa mtu aliyekuja na maswali 2,700 mkononi. Kwa anayeanza sifuri hazitoshi, na ninakuomba usijaribu. Unapoomba mtihani unachagua dirisha la miezi mitatu la kuufanyia. Chagua dirisha linaloanzia mwanzo wa likizo, ili ukijikuta hujawa tayari uwe na nafasi ya kusogeza siku bila kuanza maombi upya. Siku yenyewe isiamuliwe na kalenda peke yake. NBME, bodi inayotengeneza mitihani hii, inauza mitihani ya majaribio ambayo inakuambia uwezekano wako wa kufaulu. Kipimo changu ni hiki: mitihani miwili tofauti, iliyopishana kwa wiki, yote ikionyesha zaidi ya asilimia 95. Kuna pia maswali ya mfano ya bure kwenye tovuti ya USMLE yenyewe. Yaweke kwa wiki ya mwisho. Ukishindwa Step 1, kushindwa huko kunabaki kwenye rekodi yako daima hata ukija kufaulu, na huruhusiwi kuujaribu zaidi ya mara nne. Kusogeza mtihani kwa wiki tatu ni maumivu madogo sana mbele ya hilo.

Suala la benki ya maswali na pesa, kwa kifupi. Usajili wake unahesabu siku, na siku zinakatika hata ukiwa zamu. Usinunue mwaka mzima kwa furaha ya kuanza. Kwa mwaka wa nne tafuta iliyo nafuu, ile kubwa ya gharama inunue kwa likizo tu. Mtihani wenyewe, pamoja na ada ya kuufanyia nje ya Marekani, unazidi dola 1,000. Kwa anayeishi kwa bumu hizo ni pesa za kupanga mapema na familia, si za kukopa wiki ya mwisho.

Mwaka wa tano sasa. Matokeo ya Step 1 kwa kawaida hutoka ndani ya wiki chache, na wewe utakuwa umesharudi wodini. Pumzika USMLE mwezi mzima. Kisha endelea na daftari lako, ila badilisha maswali: badala ya kuuliza kwa nini ugonjwa umetokea, uliza nifanye nini kwanza. Rotesheni zako nne kubwa, magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake, ndizo Step 2 CK yenyewe. Kusomea mtihani wa mwisho wa chuo na kusomea Step 2 CK ni kazi moja kwa sehemu kubwa. Kama chuo kinakupa nafasi ya kuchagua mpangilio, omba magonjwa ya ndani yawe ya mwisho, maana hayo ndiyo yenye uzito mkubwa na ni heri yawe bado moto kichwani.

Nimesema kwa sehemu kubwa, kwa sababu kuna sehemu ambayo wodi yetu na mtihani wao vinaachana, na huko ndiko vijana wetu wazuri wanakopotezea alama. Mwanamke wa miaka 35 anataka kupimwa saratani ya shingo ya kizazi. Kliniki yako itampaka siki, itaangalia kwa macho, na ikiona doa itamtibu siku hiyo hiyo. Ni njia njema, na imeokoa watu wengi. Mtihani haukuulizi hiyo. Unauliza Pap, kipimo cha chembe za shingo ya kizazi, kila miaka mitatu kuanzia miaka 21, au kipimo cha virusi vya HPV kila miaka mitano kuanzia 30. Saratani ya utumbo mpana wanaanza kuichunguza katika umri wa miaka 45 kwa mtu asiye na dalili yoyote; ya matiti kuanzia 40, kila baada ya miaka miwili. Hutayaona hayo wodini kwako. Ni ya kukariri, na uyakariri wiki za mwisho.

Majina na vipimo nayo. Paracetamol kwao ni acetaminophen, adrenaline ni epinephrine, salbutamol ni albuterol, pethidine ni meperidine. Sukari wanaipima kwa miligramu kwa desilita: 7.0 uliyoizoea kwao ni 126. Kreatinini ya 88 kwao ni 1. Ukiwa na dakika moja na nusu kwa swali, huna muda wa kugawanya. Tangu mwanzo wa mwaka wa tano, kila jibu la maabara unaloliandika kwenye daftari liandike kwa vipimo vyote viwili. Ni sekunde tano za kazi, na baada ya miezi sita utaona namba ya Kimarekani ikakuambia yenyewe kama mgonjwa ni mzima au ni mahututi.

Na kuna ile ambayo hakuna aliyenionya. Kwetu mgonjwa akikutwa na saratani, mara nyingi ndugu ndio huitwa kwanza. Mtoto mkubwa anaingia ofisini, anasema, "Dokta, mama usimwambie, atakufa kwa mshtuko." Na daktari wetu, kwa huruma na kwa heshima, mara nyingine anakubali. Kwenye Step 2 CK jibu hilo ni kosa kila mara. Unamwendea mama mwenyewe, unamuuliza angependa kujua kiasi gani, na anachotaka yeye ndicho kinachofuatwa. Sikuambii uidharau mila. Nakuambia maswali ya maadili ni mengi, na kijana wa Kitanzania anayajibu kwa moyo wa nyumbani akiwa na hakika kabisa. Yasome kama unavyosoma dawa. Nami nakiri, baada ya miaka ya kuwauliza wagonjwa wenyewe, nimekuta wengi wao walikuwa wanajua tayari na walikuwa wanawaficha ndugu zao.

Kalenda ukiipiga kwa kurudi nyuma inakaa hivi. Ukazi Marekani unaanza Julai 1. Matokeo ya Match, mfumo wa kuwapangia madaktari nafasi za ukazi, hutoka Machi. Maombi yanafunguliwa kwa programu mwezi Septemba wa mwaka unaotangulia, na usaili, ambao siku hizi kwa wingi ni wa mtandaoni, unafuata hadi Januari. Ukimaliza mtihani wa mwisho wa chuo katikati ya mwaka, una miezi michache ya kusubiri kupangiwa kituo cha utarajali. Hiyo ndiyo miezi ya Step 2 CK. Wiki nane hadi kumi za kujifungia, ufanye mtihani, uingie utarajali ukiwa mwepesi. Septemba inayofuata, ukiwa bado mtarajali, unapeleka maombi ukiwa na mitihani yote miwili, shahada mkononi, na mtihani wa Kiingereza wa OET, ule wa madaktari, ambao ECFMG huudai siku hizi tangu ule mtihani wa kumpima mgonjwa uliokuwa ukifanyiwa Marekani ulipofutwa 2021. Angalizo moja: Step 2 CK ukiifaulu huwezi kuirudia ili upandishe alama. Kwa hiyo hii usiiharakishe hata kidogo. Kama kituo cha utarajali kimetoka mapema kuliko ulivyotarajia na mitihani ya majaribio bado iko chini, sogeza.

Utarajali wenyewe umalize, hata kama Marekani haiudai. Umalize upate usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwaka 2024, kati ya madaktari wasio raia wa Marekani waliosoma nje na kuingia kwenye Match, waliopata nafasi walikuwa karibu asilimia 58. Waliobaki hawakuwa wajinga. Mwenye leseni ya nyumbani anarudi kazini na kujaribu tena mwakani akiwa na mshahara. Asiye nayo anasubiri bila kazi. Hata viza ya J-1 inayotumiwa na madaktari wageni wengi walio kwenye ukazi inadai barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako, na baada ya mafunzo inakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili. Nyumbani kwako si mahali pa kuvunja daraja.

Sasa zamu. Nilipokuwa mwaka wa tano nilikuwa rotesheni ya upasuaji, hospitali siitaji. Nilikuwa nimechagua siku ya Step 1 vibaya, ikaangukia katikati ya rotesheni. Asubuhi moja baada ya raundi nilijificha kwenye chumba cha kubadilishia nguo na maswali yangu. Mzee aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo siku tatu nyuma alikuwa mgonjwa wangu. Kumwangalia tumbo na joto ilikuwa kazi yangu. Nilirudi saa tisa. Nikakuta muuguzi ameshamwita daktari rejista, tumbo limejaa, mzee anapelekwa chumba cha upasuaji mara ya pili. Alipona, namshukuru Mungu. Yule muuguzi hakunisema kwa mtu. Aliniambia tu, "Mwanangu, mzee amekuulizia tangu saa nne." Mtihani ule nilikuja kuusogeza, nikalipia kuongezewa muda, na nikaufanya kwenye likizo kama ambavyo ningepaswa kufanya tangu mwanzo.

Ukihitaji siku, iombe waziwazi. Badilishana zamu na mwenzako, mwandikeni kiongozi wa rota, na ulipe zamu ya watu. Wakubwa wengi watakuruhusu ukiwaambia ukweli, na hao hao ndio watakaokuandikia barua za kukupendekeza. Programu za Marekani husoma barua hizo kwa makini, na daktari bingwa hawezi kuandika vizuri juu ya mtu ambaye hakumwona.

La mwisho ni dogo, lakini limewarudisha watu mlangoni. Majina yako kwenye maombi lazima yalingane na yaliyo kwenye pasipoti. Sisi wa majina matatu tuna shida hapo: cheti cha kidato cha nne kina mawili, chuo kina matatu, pasipoti imeandikwa kivyake. Litengeneze sasa, ukiwa huna haraka. Na hakikisha pasipoti haitakwisha muda kabla ya mtihani. Mimi Step 1 niliifanyia Nairobi, na pasipoti ndiyo kitambulisho nilichoonyesha mlangoni.

Anza kesho na mgonjwa mmoja kwenye daftari na maswali 15. Likizo ikikaribia, fanya mtihani mmoja wa majaribio kabla hujachagua siku, uniandikie umepata ngapi na masomo gani yamekuangusha. Kama uko mbali na ile asilimia 95, tutazungumza kabla hujalipa chochote.